Nilivyofunzwa Kusafisha Picha Gizani

Mjomba wangu wa Kisumu bado ana kamera ile kubwa ya miguu mitatu. Haitumii filamu ya kuviringishwa bali vipande bapa vya inchi 4 kwa 5, kila kipande picha moja. Likizo ya Aprili alinifunza kuvisafisha bafuni kwake, na humo ndimo nilimofanya kosa ambalo sitaki wewe ulifanye.

Kwanza, giza. Tuliziba dirisha kwa blanketi na upenyo wa mlango kwa taulo, kisha tukakaa dakika tano tukikodoa macho. Macho yakishazoea, utaona nyufa ambazo hukuzidhania. Tukapanga trei nne: maji matupu, dawa ya kusafishia, maji ya siki ya kuisimamisha, na haipo, ile inayoondoa chumvi ya fedha ambayo haikupigwa na mwanga.

Dawa yetu, D-76 iliyotiwa maji sawa kwa sawa, ilitaka dakika 11 kwa filamu ile ya HP5 Plus, lakini katika nyuzi 20. Maji ya pipa yalikuwa nyuzi 26! Ikabidi trei ikalishwe ndani ya besheni ya barafu, maana dawa ikipata joto huenda mbio na picha huiva kupita kiasi.

Sasa kosa langu. Katika sinema nilikuwa nimeona wapiga picha wakifanya kazi kwenye taa nyekundu. Basi mjomba alipotoka kidogo, nikawasha tochi niliyoifunga karatasi nyekundu, ili tu nione niko upande upi. Kumbe taa nyekundu ni ya karatasi za kuchapia, zisizohisi wekundu. Filamu yetu inahisi rangi zote. Ilitoka nyeusi tititi kama sufuria ya kuni. Na hiyo ilikuwa picha ya nyanya, ambaye jana yake alikuwa amerudi Siaya! Nilitamani ardhi ipasuke.

Mjomba hakunigombeza. Alisema tu, "Mpwa wangu, humu jicho lako ni kidole." Bahati nzuri yeye hupiga kila mtu mara mbili, na kipande cha pili kilikuwa salama upande mwingine wa kishikio. Kabla ya kukigusa, alinifanyisha mazoezi mchana kwa kile kilichoharibika, macho nimefumba. Pembeni kuna vijipengo; shika filamu wima, vikiwa juu kulia, upande wenye dawa unakutazama wewe. Huo ndio uwe juu ndani ya trei, usikwaruzwe.

Usiku nikaingia peke yangu. Nikawa nainua ukingo wa trei polepole na kuushusha, mjomba akiniitia dakika kutoka nje ya mlango: "Nne! Tano!" Mikono ilitetemeka. Baada ya haipo dakika tano, nikafungua mlango.

Nyanya alikuwa pale, kinyume: gauni jeusi limekuwa jeupe, na mvi zake zote nyeusi kama za msichana.