Mbuzi hawamalizi kesi ya ubakaji

Mara nyingi kambini, binti akibakwa na mtu wa jamaa yake, wazee hukaa, mbuzi hutolewa, neno likaisha. Wazee tunawaheshimu, lakini hapo hawana uwezo: sheria za Kongo za tarehe 20 Julai 2006 hazikubali faini ya kuzima kesi hiyo. Kwanza hospitali, kabla ya saa 72 kupita. Polisi akipokea mashtaka lazima ajulishe parke katika saa 24. Parke na hakimu wanapaswa kulinda usalama wa binti na mashahidi; yeye anaweza kuomba kesi isikilizwe kwa faragha. Na usiku ule ule? Wazee, mtafutieni nyumba nyingine ya kulala, mbali na mshtakiwa.