Ila ya Gari Iliyofichwa

Mtu wa Bungoma anunua gari kuukuu kwa mwenyewe huko Kitale. Afikapo kwake aona injini yala oili, na muuzaji alijua. Je, ana haki gani?

Sheria ya Kenya ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, yamdhaminia ubora pale tu muuzaji awapo mfanyi biashara ya vitu hivyo. Sharia ya Kiislamu haibagui: kila muuzaji yampasa kuitaja ila aijuayo. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la nafaka akakuta umaji ndani, akamkemea mwenyewe kwa kuuficha.

Basi mnunuzi ana khiyari ya kurudisha gari na kurudishiwa fedha zake. Lakini na afanye upesi: akiendelea kulitumia baada ya kuijua ila, kwa Mashafii khiyari yake huanguka.

Ndugu zetu, tutaje ila kabla ya kupokea fedha.