SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: GARI DOGO LINAPOZIMIKA GHAFLA

Gari la chama ni mali ya wanachama wote, kama ilivyo ghala na mizani. Likizimika njiani, hasara huwa mbili. Ya kwanza huonekana upesi: maziwa huchacha na nyanya huoza. Ya pili hujificha katika vitabu vya hesabu: vipuri hununuliwa kwa kubahatisha, na kasoro hubaki pale pale. Somo hili halikusudii kumfanya katibu kuwa fundi. Shabaha yake ni kumwezesha kujua kama kipuri anachoombwa kukilipia kimepimwa au kimedhaniwa tu.

Somo linahusu pikapu za petroli za muundo wa zamani, zenye distribyuta na platini. Injini ya dizeli haitumii cheche, hivyo haimo katika somo hili.

1. Njia ya umeme

Umeme wa volti 12 hutoka katika betri, hupita swichi ya ufunguo na kuingia katika koili. Ndani ya distribyuta, platini huunga na kukata umeme huo. Kila zinapoukata, koili hutoa umeme mkali wa maelfu ya volti, ambao hupita waya mnene, kifuniko cha distribyuta na rota hadi kwenye plagi. Kondensa huzilinda platini zisiungue na husaidia cheche kuwa na nguvu. Njia ikikatika mahali popote, injini huzimika.

2. Dalili

Injini ikizima mara moja, kama taa iliyopulizwa, mara nyingi kasoro ni ya umeme. Ikistukastuka na kupoteza nguvu kwanza, petroli hushukiwa zaidi. Dalili nyingine ni hizi:

(a) Gari huzimika likipata joto na kuwaka likipoa: koili hushukiwa, ingawa petroli iliyogeuka mvuke nayo huleta dalili hiyo.
(b) Huwaka stata inapozunguka na kuzimika ufunguo unapoachiwa: swichi, au rezista ya koili kama gari linayo.
(c) Huzimika penye mashimo: waya uliolegea au vichwa vya betri.

Dalili si ushahidi. Cheche ipimwe gari likiwa bado limezimika. Likishapoa na kuvutwa hadi gereji huweza kuwaka vizuri, na hapo fundi hana la kupima.

3. Utaratibu wa kupima

Gari liwe katika gia huru na breki ya mkono ivutwe. Pasiwe na sigara wala petroli inayovuja. Vichwa vya betri vikazwe kwanza.

Plagi ya akiba ifungwe kwenye waya wa plagi mmoja, ilazwe juu ya chuma kitupu cha injini, mbali na kabureta, ishikwe kwa koleo lenye mpini wa mpira, kisha mtu mwingine azungushe stata. Cheche ya buluu yenye nguvu ikionekana, uchunguzi uhamie upande wa petroli. Ikiwa ya njano na hafifu, platini, kondensa na koili zichunguzwe.

Ikikosekana kabisa, kipimo hicho kirudiwe kwa waya mnene unaotoka katika koili. Cheche ikiwapo hapo, kasoro iko katika kifuniko, rota au nyaya za plagi. Isipokuwapo, ufunguo ufunguliwe na taa ndogo ya kupimia iguswe kwenye koili, upande unaopokea umeme. Isipowaka, kasoro iko katika swichi, rezista au nyaya zake. Ikiwaka, ihamishiwe upande wa distribyuta na stata izungushwe. Ikimetameta, platini zinafanya kazi, na koili au kondensa hushukiwa. Ikiwaka bila kukoma, platini haziungi. Isipowaka kabisa, hazikati, au umeme unavuja, au koili imekatika ndani.

Nafasi ya platini katika magari mengi ni milimita 0.4 hadi 0.5, lakini kitabu cha gari ndicho kifuatwe. Magari yenye kifaa cha elektroniki badala ya platini yasipimwe kwa njia hii, kwani kifaa hicho huharibika kwa urahisi; kazi hiyo aachiwe fundi mwenye vyombo vyake.

4. Wajibu wa katibu

Mfano: pikapu ya chama cha wafugaji inazimika kila ipandapo mlima. Chama kinanunua betri, koili na plagi nne. Juma la pili inazimika tena. Kasoro ni waya mwembamba ndani ya distribyuta, uliokatika ndani ya ngozi yake. Bamba la platini husogea mzigo wa injini unapobadilika, na kila likisogea huupinda waya huo. Wanachama wamelipia vipuri sita vizima kwa ajili ya waya mmoja.

Kwa hiyo daftari la gari lioneshe tarehe, kilomita, kama injini ilikuwa na joto, na cheche ilionekanaje. Kabla ya kuidhinisha ankara, katibu aulize ni kipimo gani kilichokikataa kipuri, na kipuri cha zamani kirudishwe chamani.

Maswali ya mjadala

1. Kwa nini cheche ipimwe kabla gari halijapoa?
2. Daftari la gari la chama chenu linaeleza sababu ya kila kipuri kilichonunuliwa?
3. Dereva wenu ana plagi ya akiba na taa ya kupimia garini?