Al-Khalil na Kugawana Kazi ya Herufi

Wengi wetu tunamjua Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi kwa elimu ya arudhi. Mimi namwona mkubwa zaidi katika hesabu. Bwana huyu wa Basra, mwenye asili ya Oman, aliyeishi karne ya 8, alipopanga kamusi yake Kitab al-Ayn hakungoja maneno yafike masikioni mwake. Alizigeuza herufi za kila mzizi kwa namna zote: herufi 2 hutoa mipangilio 2, herufi 3 hutoa 6, herufi 4 hutoa 24, herufi 5 hutoa 120. Kisha akatenga iliyotumiwa na Waarabu na iliyoachwa, yaani muhmal.

Chukua k-t-b. Ukiigeuza unapata k-b-t, iliyomo Surat al-Mujadila aya ya 5, na b-t-k, iliyomo Surat an-Nisaa aya ya 119. Ukiruka mpangilio mmoja, huenda umeliruka neno la Qur'ani.

Sasa tuseme tuko watano na tuna jim, ha, dal, ra (nafuata alifu-be-te, Al-Khalil alifuata matamshi, akaanzia kooni). Mipangilio ni 24. Tukiandika kila mmoja kutokana na uliotangulia, wanne watakaa wakimngoja wa kwanza. Wataalamu wa kompyuta huikwepa foleni hiyo kwa kumpa kila mfanyakazi namba tu. Wanne kati yetu wachukue mitano mitano, wa mwisho minne. Wa nne, basi, anaanza baada ya mipangilio 15.

Ataanzaje bila kuiona hiyo 15? Kila herufi ya mwanzo inabeba mipangilio 6. 15 kwa 6 ni 2, baki 3: ruka herufi mbili, chukua dal. Zimebaki jim, ha, ra, na kila moja inabeba 2. 3 kwa 2 ni 1, baki 1: ruka jim, chukua ha. Baki 1: ruka jim tena, chukua ra. Inabaki jim. Amepata d-h-r-j, yaani dahraja, kubiringisha! Hakumuuliza jirani yeyote, na sehemu yake haigongani na ya mwenzake.

Mizizi ya herufi 3 tofauti, kutoka herufi zote 28, ni 19,656. Darasa la watu 28, kila mmoja na herufi yake ya mwanzo, litakuwa na 702 kwa kila mtu.