Dondoo muhimu: Kuchagua mswada wa kuandika kwanza

Mwandishi mwenye mawazo mengi na muda mchache huishia na miswada isiyokwisha. Hatua hizi humsaidia kuchagua mmoja na kuufikisha mwisho.

1. Orodhesha kazi zote kwenye karatasi moja: riwaya, tamthilia, makala, hadithi za watoto.
2. Eleza kiini cha kila kazi kwa sentensi moja. Isiyoelezeka hivyo bado haijaiva.
3. Tanguliza yenye tarehe ya mwisho, kama makala ya gazeti au mswada wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu.
4. Soma masharti ya tuzo au mchapishaji kabla ya kuanza: utanzu, urefu, na kama kazi iliyokwisha kuchapishwa inapokelewa.
5. Pima muda halisi: anayeandika maneno 300 kwa siku huhitaji siku 200 kukamilisha rasimu ya maneno 60,000.
6. Ukisita kati ya kazi mbili, andika kurasa tatu za kila moja. Chagua ile yenye mengi zaidi ya kuendelea nayo.
7. Usiache mswada uliovuka nusu kwa sababu ya wazo jipya. Liandike daftarini lisubiri zamu yake.
8. Usifuate mada kwa sababu tu inavuma; hadi kitabu kitoke, mvumo huwa umepita.
9. Ukishachagua, weka tarehe ya kumaliza rasimu ya kwanza, na usibadilishe uamuzi kabla ya siku hiyo.