Kabla Hujasema "Nimekubali": Vidokezo vya Kupima Kazi Zaidi ya Mshahara

Mtu akipata kazi, swali mtaani ni moja: "Wanakulipa ngapi?" Mjomba anauliza hivyo, rafiki wa chuo anauliza hivyo, na mwenye nyumba naye ana sababu zake za kuuliza. Sijawahi kumsikia anayetaka kujua kama bima inawagusa watoto au kama siku za likizo zinahesabu Jumamosi na Jumapili. Ndiyo maana watu wanahama kazi kwa nyongeza ya laki moja, na miezi sita baadaye wanashangaa mbona hali imekuwa ngumu kuliko kule walikotoka. Hapa nazungumzia zaidi Tanzania Bara, nikichungulia Kenya mara mojamoja.

1. Shika kalamu kwanza

Tuseme una barua mbili mezani. Ya kwanza inasema shilingi 1,000,000 mkononi, hakuna makato, mengine tutaelewana huko mbele. Ya pili inasema mshahara ghafi 1,000,000, mkataba wa ajira, NSSF na kodi kama kawaida.

Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara. Kwa kawaida nusu unakatwa wewe na nusu anaitoa mwajiri kutoka mfukoni mwake. Kwa hiyo kwenye barua ya pili unakatwa 100,000. Kodi ya mshahara inahesabiwa kwenye 900,000 zilizobaki, na kwa viwango vya mwaka wa fedha 2024/25 inafika 103,000. Unaondoka na 797,000. Hapo moyo unauma, maana pengo ni 203,000 kila mwezi, na kuna mitaa hiyo ni kodi ya chumba na sebule.

Sasa tazama upande wa pili wa hesabu. Mwezi huohuo akaunti yako ya NSSF imeingiziwa 200,000, laki yako na laki ya mwajiri. Jumlisha na zile 797,000 unapata 997,000. Barua ya kwanza imeshinda kwa shilingi 3,000, yaani chai na chapati zake, na bado hatujagusa bima, likizo wala siku utakayougua.

Ni kweli kwamba zile 200,000 huwezi kuzitoa Ijumaa jioni ukalipe ada ya mtoto. Pensheni ya uzee inataka uwe umechangia miezi 180, na umri nao uwe umefika. Mwenye deni linalomwandama leo ana haki ya kuzipa uzito mdogo. Kuzipa uzito wa sifuri, hapana.

Halafu hiyo "mkononi bila makato", muulize anayekupa: kodi inalipwa na nani? Akianza kucheka, jua hailipwi. (Na kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, kwenye barua ya pili ondoa asilimia 15 nyingine ya mshahara wa msingi. Inauma, ila lile ni deni lako, litakufuata hata ukichagua barua ya kwanza.)

2. Kwenye bima, uliza majina na uliza ukomo

"Tunatoa bima" ni sentensi fupi mno kwa jambo kubwa namna hii. Simama siku moja kwenye dirisha la bima la hospitali yoyote kubwa mjini uone. Mama kamshika mtoto mgongoni, kadi inaingizwa kwenye mfumo, karani anasoma kimyakimya, kisha anasema, "Dada, kipimo hiki hakimo kwenye kifurushi chako. Utalipia taslimu." Kadi ipo, picha ipo, jina lipo, na bado anafungua simu kutafuta mtu wa kumtumia pesa.

Kwa hiyo kabla ya kusaini, omba orodha ya kifurushi na uisome. Nani anaingia: wewe peke yako, mwenzi, watoto wangapi? Ukomo wa mwaka ni shilingi ngapi, na ni wa kila mtu au wa familia nzima? Kujifungua kumo, na kwa upasuaji je? Meno na miwani? Mwenye kisukari au presha ya tangu zamani anapokelewa? Hospitali iliyo karibu na nyumbani kwako imo kwenye orodha, au ile ya karibu inakataa kadi na inayokubali iko upande wa pili wa jiji?

Watumishi wa umma wao wana Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara, nusu mwajiri nusu mfanyakazi, na mbali na mwanachama wanaingia mwenzi na wategemezi hadi wanne. Kifurushi hicho ni kipimo kizuri cha kulinganishia bima ya kampuni binafsi. Kenya mambo ni mengine: tangu Oktoba 2024 mfanyakazi anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi kwenda SHIF, mfuko wa bima ya afya wa kule, na mwajiri hachangii chochote juu yake. Kule, mwajiri anayekuongezea bima binafsi anakupa kitu cha ziada kwelikweli.

Ukitaka thamani kwa shilingi, ingia kwenye ofisi ya kampuni ya bima, uliza kifurushi kama hicho kinauzwaje kwa familia inayojilipia, gawa kwa 12, ongeza kwenye mshahara. Wengi wakifika hapo wanakaa chini. Na kumbuka kwamba bima ya kundi la wafanyakazi mara nyingi humpokea hata mgonjwa ambaye akienda peke yake angeambiwa asubiri miezi kadhaa au alipe zaidi.

3. Hesabu likizo kwa siku za kazi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Usizishangilie bado: ni siku mfululizo, Jumamosi na Jumapili zimo, hata sikukuu ikiangukia katikati inamezwa humohumo. Kwa anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, siku 28 ni siku 20 za kazi. Sheria ya Kenya inasema siku 21, ambazo zinaonekana chache, kumbe zile ni siku za kazi tupu. Mkenya amekupita kwa siku moja.

Kwa hiyo mwajiri anayeandika "siku 24 za kazi" amekupa zaidi ya anayeandika "siku 28". Na ukipewa uhuru wa kuchagua tarehe, kwepa Pasaka na Idi, uzile zile sikukuu mbali na likizo yako.

4. Ugua kwenye karatasi kabla hujaugua kitandani

Mwajiriwa wa Tanzania ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi cheti cha daktari kiwepo. Mama anayejifungua ana siku 84 za malipo, au 100 akipata mapacha. Baba ana siku zisizopungua 3, ambazo zinatosha kununua kanga na kupiga simu kijijini. Kenya wamempa wiki mbili.

Rudi kwenye ile barua ya "tutaelewana". Ukilazwa mwezi mzima, mtaelewana nini? Ndipo zile 3,000 za ushindi zinapoanza kuwa ghali. Ukiumia kazini, mwajiriwa rasmi ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaochangiwa na mwajiri peke yake. Wewe hukatwi hata senti. Kwa fundi, dereva, mtu wa ghalani au wa mashine, ningelipa uzito swali hili kuliko posho yoyote.

5. Jihadhari na mshahara uliokatwakatwa

Waajiri wengine wana mchezo huu: jumla ni 1,000,000, lakini mshahara wa msingi ni 500,000, nusu nyingine ni posho ya nyumba, posho ya usafiri, posho ya mawasiliano. Mwisho wa mwezi huoni tofauti, kwa hiyo hulalamiki.

Tofauti iko kwenye sheria. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Nyongeza ya asilimia 5 ya kazi za usiku inatoka kwenye mshahara wa msingi. Kiinua mgongo ukiachishwa kazi ni siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimiza, hadi miaka 10. Msingi ukiwa nusu, vyote vinakuwa nusu. Ukiweza kujadili jambo moja tu siku ya usaili, omba posho zihamishiwe kwenye msingi. Meneja anayejua hesabu atakuna kichwa.

6. Basi la ofisi na sahani ya mchana

Tuseme nauli zako za kwenda na kurudi, daladala mbili asubuhi na mbili jioni, ni 2,800 kwa siku. Kwa siku 22 ni 61,600, na bado bodaboda ya kukutoa ndani hadi barabarani siku za mvua. Basi la ofisi linakuokolea hizo, na linakupa kiti. Aliyewahi kusimama kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi akitazama magari yakipita yamejaa hadi mlangoni anajua kiti nacho kina bei. Ila uliza ratiba: basi linalokuchukua saa kumi na moja alfajiri na kukurudisha saa mbili usiku limejilipa lenyewe.

Chakula kina siri yake ya kodi. Chakula kinachopikwa kwenye kantini ya kazini kwa wafanyakazi wote hakihesabiwi kuwa kipato chako. Posho ya chakula inayoingia kwenye mshahara inakatwa kodi. Kwa mtu wa ngazi ile ya mfano wetu, posho ya 100,000 inakatwa robo kwa kodi pekee, inabaki 75,000. Kama wali maharage wa kantini unalika, chagua wali.

7. Fulana, keki na "sisi ni familia"

Thamani yake ni ya fulana na keki. Safari ya Bagamoyo ya kila Desemba ni raha, nyama choma ni nyama choma, lakini usizipandishe kwenye hesabu. Zikitangulia kutajwa kwenye tangazo la kazi kabla ya bima, ni dalili.

8. SACCOS ya kazini na ada ya masomo

Hivi viwili watu huvipita haraka. SACCOS inayokatwa moja kwa moja kwenye mshahara hukopesha mara mbili au tatu ya akiba yako, kwa masharti ambayo wakopeshaji wa kwenye simu hawayajui. Na mwajiri anayelipia mitihani ya kitaaluma, kwa mfano ile ya NBAA kwa wahasibu, anakupa kitu utakachoondoka nacho siku ukiacha kazi. Soma tu kama kuna sharti la kumtumikia miaka kadhaa baada ya kufaulu, na ukiondoka mapema unarudisha kiasi gani.

9. Uliza jinsi ya kutoka, wakati wa kuingia

Hakuna anayependa swali hili siku ya furaha. Liulize. Mbali na kiinua mgongo, mwanachama wa NSSF aliyechangia angalau miezi 18 akapoteza kazi bila kupenda ana fao la kukosa ajira, theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 6. Anayeacha kazi mwenyewe hahusiki, kwa hiyo usirushe barua ya kujiuzulu kwa hasira. Kenya, anayepunguzwa kazini analipwa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, zaidi ya mara mbili ya siku 7 zetu. Mkataba hauzuiwi kuzidi sheria. Mwajiri wako wa Dar es Salaam anaweza kuandika 15 akitaka.

10. Kilichokatwa kimefika?

Hati ya mshahara inaonyesha ulichokatwa. Haionyeshi kilichofika. Kuna kampuni zinakata kila mwezi na hazipeleki, na mfanyakazi anagundua siku ya kudai fao. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha mchango ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi husika kuisha, kwa hiyo jenga mazoea ya kuchukua taarifa yako ya michango, kwa mtandao au ofisi ya NSSF iliyo karibu, kila baada ya miezi mitatu. Ukikuta mapengo, peleka hati zako za mshahara NSSF. Kudai madeni ya waajiri ni kazi yao. Ahadi nyingine zilizoandikwa kwenye mkataba zisipotekelezwa, pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na muda haukusubiri: siku 60 kwa madai ya kawaida, siku 30 kwa anayepinga kuachishwa kazi.