Sadfa, Kudura na Wapenzi Wasioonewa Huruma: Filamu ya Serendipity Ikisomwa Thika na Ruiru

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi huzoea kuitaja sadfa katika orodha ya mbinu za kisanaa, akaitolea mfano mmoja, kisha akapita. Makala haya yanakusudia kuihoji mbinu hiyo kwa swali moja: sadfa inapowakutanisha wapenzi, kwa nini hadhira huikubali sadfa yenyewe na bado ikawanyima wapenzi hao huruma? Mfano unaochunguzwa ni Serendipity, filamu ya Kimarekani iliyoongozwa na Peter Chelsom na kutolewa mwaka wa 2001. Ili kuipima, kisa chake kitahamishiwa katika barabara ya Thika, baina ya miji ya Thika na Ruiru.

Neno na jamaa zake

Jina la filamu lilibuniwa na Mwingereza Horace Walpole mwaka wa 1754, kutokana na hadithi ya wana watatu wa mfalme wa Serendip. Serendip ni Sarandib, jina la kale la Sri Lanka. Na msomaji wa Alfu Lela U Lela atakumbuka kwamba safari ya sita ya Sindbad ilimfikisha huko. Neno hili, basi, si geni sana kwa Bahari ya Hindi kama linavyodhaniwa.

Kiswahili kina hazina pana zaidi katika uwanja huu. Sadfa ni kukutana kwa mambo mawili bila ya mtu kukusudia. Bahati ni fungu la mtu, jema au baya. Majaaliwa na kudura vina mwenyewe, yaani Mungu. Hata ajali, ambayo leo ni gari lililopinduka, katika ushairi wa kale ilikuwa siku ya kufa iliyokwisha kuandikwa. Tofauti iliyo muhimu hapa ni kwamba sadfa haina mwenyewe, hali kudura inaye. Wapenzi wa filamu hii huidai kudura pale ambapo mwenyewe ni wao.

Msuko

Jonathan na Sara wanakutana katika duka kubwa la New York wakati wa Krismasi, kila mmoja akiishika jozi ileile ya mwisho ya glavu nyeusi. Kila mmoja ana mpenzi wake. Wanakunywa pamoja, wanateleza kwenye barafu, na Sara anapoandika nambari yake ya simu, upepo unaipeperusha karatasi. Yeye anaiona hiyo kuwa ishara. Kwa hiyo Jonathan anaandika jina na nambari yake kwenye noti ya dola 5, nayo inatumiwa papo hapo. Sara anaahidi kuandika yake ndani ya riwaya ya Gabriel García Márquez, Love in the Time of Cholera, na kuiuza kwa muuza vitabu vilivyotumika. Vitu hivyo vikirudi, wao ni wa kila mmoja. Miaka kadhaa baadaye Jonathan yu karibu kumwoa Halley, naye Sara ameposwa na mwanamuziki aitwaye Lars. Hapo ndipo kila mmoja anapoanza kumsaka mwenziwe.

Aristotle, katika Poetiki, anataja sanamu ya Mitys mjini Argos iliyomwangukia na kumuua mtu aliyesababisha kifo cha Mitys huyo. Tukio la namna hiyo, asema, hustaajabisha kwa sababu huonekana kana kwamba lina kusudi. Glavu ni sadfa ya aina hiyo, na hadhira huipokea kwa furaha. Noti na kitabu ni jambo jingine kabisa: ni mtihani uliotungwa na watu wawili waliosimama uso kwa uso, wakiwa na kalamu mkononi.

Kisa kikihamishwa

Chukua mwanamke wa Thika na mwanamume wa Ruiru. Kati yao kuna kilomita zipatazo 20, na matatu hupita usiku na mchana. Sensa ya mwaka wa 2019 iliihesabia Ruiru wakazi 490,120 na Thika 251,407. Noti ya shilingi 50 iliyokabidhiwa utingo wa matatu ina mikono mingi ya kupitia kabla ya kurudi. Kama mwanamume huyo angekuwa mkwasi akaandika kwenye noti ya zamani ya shilingi 1,000, majaaliwa yake yangekoma tarehe 1 Oktoba 2019, noti hizo zilipoacha kuwa fedha halali. Na kama angemlipia mwenziwe chai kwa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa mwaka wa 2007, ujumbe wenyewe ungelitaja jina lake. Katika mazingira haya wapenzi wangelazimika kufanya bidii ili wapotezane. Bidii hiyo imo hata katika filamu, ila theluji na muziki huifunika.

Uhamisho huu unafichua jambo zito zaidi. Miongoni mwa Wakikuyu wa Kiambu, kaunti yenye miji hiyo miwili, uchumba si siri ya watu wawili. Kuna ruracio, yaani majadiliano na utoaji wa mahari, ambapo wazee wa pande mbili huketi na maneno hutamkwa mbele ya mashahidi. Anayeuvunja uchumba hana budi kuwa na la kuwaambia watu hao. "Noti imenirudia" si jibu.

Halley

Lars amepewa kasoro za kutosha ili kuachwa kwake kusiume: amezama katika muziki wake na hamsikilizi Sara. Hii ni kawaida ya komedi za mapenzi. Mchumba wa kuachwa hufanywa kikaragosi. Halley hakufanyiwa hivyo, na hapa ndipo huruma ya hadhira inapohama. Ameona kwamba kila waingiapo katika duka la vitabu vilivyotumika, Jonathan hukifungua kitabu kilekile. Anakitafuta nakala yake na kumpa kama zawadi ya arusi. Ndani yake mna jina la Sara.

Ishara iliyongojwa miaka yote hiyo haikuletwa na ulimwengu. Ililetwa na macho ya mwanamke anayependa na kutazama. Kinaya hiki ndicho kitu bora kabisa katika filamu, na mwandishi wa mswada, Marc Klein, anakipita mbio. Arusi inavunjwa nje ya jukwaa: Sara anafika hotelini na kukuta wafanyakazi wakisafisha ukumbi. Halley hapewi hata sentensi moja ya kujibu.

Idi katika Kiu, riwaya ya Mohamed Suleiman Mohamed ya mwaka wa 1972, humtumia msichana ambaye jina lake, kwa kinaya, ni Bahati. Msomaji humchukia, lakini angalau mwandishi anajua kwamba achukiwe. Chelsom anataka Jonathan apigiwe makofi.

Mwanafunzi anayetaka kulipima dai hili na aandike onyesho ambalo halimo: sebule ya Ruiru, wazee wamekwisha kuketi, kitabu ki mezani, na binti aliyekinunua ndiye anayeanza kusema.